Pete za Ndoa kwa Deni la Wakubwa

Januari 1998, katika baridi kali ya Seoul, benki za Korea Kusini zilipata foleni ya aina yake. Waliopanga hawakwenda kuweka fedha wala kutoa. Walikuwa na vifurushi vidogo mikononi: mikufu, hereni, pete za ndoa, na zile funguo za dhahabu ambazo Mkorea hupewa na mwajiri wake siku ya kustaafu ili bahati isimwache. Mhudumu alipima, akaandika uzito kwenye fomu, akatoa risiti. Mwenye pete akarudi nyumbani na alama nyeupe kidoleni.

Vitu vilivyoumiza kuliko vyote vilikuwa vidogo kuliko vyote. Mtoto wa Kikorea akitimiza mwaka mmoja, ndugu na marafiki humletea pete ya dhahabu yenye uzito wa don 1, yaani gramu 3.75. Haivaliwi. Huviringishwa kwenye kitambaa na kufungiwa kabatini, iwe akiba ya mtoto siku ya dhiki. Sasa siku ya dhiki ilikuwa imefika, ila dhiki yenyewe haikuwa ya mtoto wala ya wazazi wake.

Kampeni ilipomalizika, watu wapatao milioni 3.5 walikuwa wametoa tani 227 za dhahabu, zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 2. Kardinali Stephen Kim Sou-hwan alitoa msalaba wake wa dhahabu, na wanamichezo wakaleta medali. Dhahabu nyingi haikuwa sadaka tupu. Waliotoa walilipwa baadaye kwa won, sarafu ya nyumbani, kwa sababu nchi haikukosa won, ilikosa dola. Dhahabu iliyeyushwa ikawa vipande, ikauzwa nje, na dola zikaingia.

Jambo hilo lilikuwa na asili yake. Mwaka 1907, Korea ikielekea kumezwa na Japani, wananchi wa mji wa Daegu walianzisha harakati ya kulipa deni la taifa la won milioni 13 ambalo Wajapani walikuwa wamewabebesha. Wanaume waliapa kuacha tumbaku kwa miezi mitatu na kutoa fedha ya tumbaku. Wanawake walivua mapambo yao. Deni halikulipika, na mwaka 1910 nchi ikamezwa. Waliopanga foleni mwaka 1998 walikuwa wamesoma habari hizo shuleni, na serikali na televisheni zilijua kamba ipi ya kuvuta. Lakini deni la 1907 lilikuwa la mkoloni. La 1998 lilikuwa la nani?

Mgogoro wa fedha uliozaa deni hilo haukuanzia Korea, wala haukuanzia jikoni kwa mtu yeyote. Ulianzia Bangkok, mji ambao katikati ya miaka ya 1990 ulikuwa na winchi za ujenzi kila ulikogeuza shingo. Tangu 1984 baht ya Thailand ilikuwa imefungwa kwenye dola, takriban baht 25 kwa dola 1, mwaka nenda mwaka rudi. Mwaka 1993 serikali ilifungua dirisha maalumu la kibenki, BIBF, lililorahisisha kuleta mikopo ya dola kutoka nje. Mwaka huohuo Benki ya Dunia ilitoa kitabu kizima cha kusifu muujiza wa Asia Mashariki. Hesabu ya wakopaji ilikuwa tamu: kopa dola kwa riba ndogo ya ng'ambo, zigeuze ziwe baht, zikopeshe Bangkok kwa riba kubwa, tofauti tia mfukoni. Wachache walijiuliza itakuwaje baht ikishuka, maana wengi wao hawajawahi kuiona ikishuka.

Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda kwenye maghorofa, viwanja vya gofu na hisa. Mikopo mingi ilikuwa ya kulipwa ndani ya mwaka mmoja, na ghorofa halijengwi likapata wapangaji ndani ya mwaka mmoja. Karibu na mto Chao Phraya lingali limesimama jengo la Sathorn Unique, ghorofa 49 za zege na nguzo, ambalo mafundi walishuka mwaka 1997 wasipande tena.

Februari 1997 kampuni ya nyumba iitwayo Somprasong Land ilishindwa kulipa riba ya deni lake la nje. Walanguzi wa sarafu wakanusa damu. Benki Kuu ya Thailand ilijitosa kuitetea baht kwa dola zake, nyingi zikiwa ahadi za kulipa baadaye ambazo hazikuonekana kwenye hesabu zilizotangazwa. Hadharani hazina ilionekana imejaa. Ndani, dola zilizobaki huru zilikuwa chini ya bilioni 3. Juni 30 Waziri Mkuu Chavalit Yongchaiyudh aliwahakikishia wananchi kwamba baht haitashushwa thamani. Julai 2 ikaachiwa.

Aliyekopa dola milioni 1 alilala akidaiwa baht milioni 25. Januari 1998, dola ilipofika baht 56, deni lilelile lilikuwa baht milioni 56, bila yeye kukopa hata senti nyingine. Kampuni za fedha 58 zilisimamishwa, na Desemba 1997 kampuni 56 kati ya hizo zikafungwa moja kwa moja. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilikuja na mfuko wa dola bilioni 17 na masharti yake: punguza matumizi, pandisha riba, funga taasisi zilizooza.

Kuna kisa kimoja cha Bangkok ambacho waandishi wa kigeni walikipenda mno. Sirivat Voravetvuthikun, dalali wa hisa aliyegeuka mjenzi wa nyumba za kifahari huko Khao Yai, alibaki na deni linalokaribia baht bilioni 1 na nyumba zisizo na mnunuzi. Alitundika boksi shingoni, akaanza kuuza sandwichi barabarani pamoja na wafanyakazi wake. Mtaa wa Thonglor nao ulipata soko la watu waliokuwa matajiri, ambapo Mercedes na saa za Rolex zilipangwa kama nyanya.

Visa hivi ni vya kweli, na Sirivat anastahili heshima yake. Ila vinapendeza kupita kiasi. Kibarua wa ujenzi hakuwa na Rolex ya kupeleka Thonglor. Winchi ziliposimama alikunja mkeka, akapanda basi la Isan, kaskazini mashariki, eneo maskini lililokuwa limemtuma mjini. Wachumi walikiita kijiji kinga ya maskini: mtu akikosa kazi mjini, shamba lipo. Walisahau upande wa pili wa hesabu. Kijiji chenyewe kilikuwa kinaishi kwa fedha aliyokuwa akituma yule kibarua. Aliporudi, mdomo wa kulisha uliongezeka siku ileile fedha ya kulishia ilipokatika.

Thailand nayo ilikuwa na dhahabu yake. Mtawa mzee wa Udon Thani, Luangta Maha Bua, alianza mwaka 1998 kukusanya michango ya waumini ili kujaza hazina ya taifa. Mpaka alipofariki Januari 2011, Benki Kuu ilikuwa imepokea kutoka kwake takriban tani 12 za dhahabu na zaidi ya dola milioni 10. Mzee huyo hakuwa mjinga wa mambo ya fedha. Serikali ilipotaka kuunganisha hesabu za hazina inayodhamini sarafu na hesabu nyingine za Benki Kuu, alipinga wazi, kwa hofu kwamba dhahabu ya waumini ingeishia kufidia hasara. Hasara ilikuwepo kweli. Mfuko uliookoa taasisi za fedha ulibaki na mzigo wa takriban baht trilioni 1.4, na hadi miaka ya 2020 mzigo huo ulikuwa bado unalipwa.

Indonesia haikutarajiwa kuanguka. Julai 1997 rupiah ilikuwa kama 2,400 kwa dola. Kufikia mwisho wa mwaka watu wa Jakarta walikuwa na neno jipya, krismon, ufupisho wa mgogoro wa fedha kwa lugha yao, na neno hilo lilieleza kila kitu: nauli, harusi iliyoahirishwa, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ada.

Novemba 1, 1997, siku moja baada ya kutangazwa makubaliano na IMF, serikali ilifunga benki 16 ili kuonyesha ukali. Wenye amana ndogo waliahidiwa kulipwa. Wenye zaidi ya hapo walibaki mlangoni. Benki moja ilikuwa ya mtoto wa Rais Suharto, Bambang Trihatmodjo, ambaye muda si mrefu aliibukia kwenye benki nyingine. Wananchi walisoma mambo mawili kwa mpigo: kwamba benki yoyote inaweza kufungwa kesho, na kwamba wakubwa wana mlango wa nyuma. Wakakimbilia kutoa fedha zao hata kwenye benki zilizokuwa nzima. Dawa ikaeneza ugonjwa.

Januari 8, 1998 rupiah ilivuka 10,000 kwa dola, na watu wakavamia maduka kununua mchele, mafuta ya kupikia na sukari mpaka rafu zikabaki mbao. Wiki moja baadaye ikapigwa picha ambayo Waindonesia hawajaisahau. Suharto ameinama mezani anatia saini makubaliano mapya; nyuma yake amesimama Michel Camdessus, mkuu wa IMF, mikono ameikunja kifuani kama mwalimu anayesimamia mtihani. Mtanzania aliyeiona picha hiyo hakuhitaji maelezo. Miaka 18 kabla, katika salamu zake za mwaka mpya wa 1980 kwa mabalozi, Mwalimu Nyerere alikuwa ameuliza ni lini IMF ilifanywa wizara ya fedha ya dunia nzima. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, Tanzania nayo ilitia saini.

Bei ya maziwa ya watoto ilipanda mpaka kina mama wa tabaka la kati, watu ambao hawajawahi kuandamana, wakatoka. Februari 23, 1998 kikundi kilichojiita Suara Ibu Peduli, yaani sauti ya kina mama wanaojali, kilisimama kwenye mzunguko wa barabara mbele ya Hotel Indonesia, kikigawa maua na kulalamikia bei ya maziwa. Watatu walikamatwa, mmoja wao Karlina Supelli, mwanamke mtaalamu wa elimu ya nyota. Serikali iliyozoea kuwatambua wapinzani kwa sare za wanafunzi ilikuta mama mwenye kopo la maziwa ni mgumu kumwita mchochezi.

Mei 4 ruzuku ya mafuta ilikatwa kama ilivyotakiwa, na petroli ikapanda kwa asilimia 71. Mei 12 wanafunzi wanne waliuawa kwa risasi katika Chuo Kikuu cha Trisakti. Siku tatu zilizofuata Jakarta iliwaka. Zaidi ya watu 1,000 walikufa, wengi wakiwa wameungua ndani ya maduka makubwa walimoingia kupora. Hasira ya njaa ilielekezwa kwa jirani. Waindonesia wenye asili ya Kichina walichomewa maduka na nyumba, na wanawake wao walibakwa. Wenye maduka wengine walikimbilia kuandika milangoni maneno ya kwamba duka ni mali ya mwenyeji, mfano wa damu inayopakwa mlangoni ili balaa lipite. Madeni yaliyoiangusha rupiah yalikuwa ya makampuni makubwa na benki, na baadhi ya mamilionea wa Kichina waliokuwa karibu na ikulu walikuwa kweli miongoni mwa wakopaji. Aliyechomewa duka la vipuri pale mtaani hakuwa mmoja wao. Kutokana na ukatili huo, Oktoba 1998 ikaundwa Tume ya Taifa ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake, ambayo ipo mpaka leo.

Mei 21 Suharto alijiuzulu, baada ya miaka 32 madarakani. Uchumi ulisinyaa mwaka huo kwa asilimia 13 hivi na mfumuko wa bei ukakaribia asilimia 78.

Cha kushangaza ni kile ambacho hakikuonekana. Watu waliogopa kwamba mamilioni ya watoto wangeacha shule. Walioacha walikuwa wachache kuliko ilivyohofiwa, kwa sehemu kutokana na misaada ya masomo iliyotolewa haraka na mchele wa bei nafuu uliouzwa kwa kaya maskini. Na watafiti waliokuwa wakipima afya vijijini Java ya Kati walikuta uzito wa watoto haukushuka sana. Walioshuka uzito walikuwa mama zao. Mgogoro wa fedha ulioanza kwenye vitabu vya benki ulikuwa umefika mpaka kwenye sahani, na kwenye sahani ulikutana na mtu aliyesukuma chakula upande wa mtoto. Hata hivyo damu za watoto zilionyesha upungufu, kwa kuwa wali ulikuwepo lakini mayai na mboga zilikuwa zimepungua.

Wapo pia waliocheka. Huko Sulawesi wakulima wa kakao, zao linalouzwa kwa dola, walijikuta wakilipwa rupiah nyingi ambazo hawajawahi kuzishika, na pikipiki mpya zikajaa vijijini. Krismon waliisikia redioni kama habari ya nchi nyingine.

Malaysia ilichukua njia yake. Waziri Mkuu Mahathir Mohamad aliwalaumu walanguzi, hasa George Soros, akakataa IMF, na Septemba 1, 1998 akazuia fedha zisitoke nchini. Ringgit ikafungwa kwenye 3.80 kwa dola na ikakaa hapo mpaka 2005. Wachumi waliomcheka walipunguza sauti baadaye. Ila siku moja tu baada ya kufunga milango ya fedha alimfukuza naibu wake, Anwar Ibrahim, ambaye aliishia jela, kwa hiyo si rahisi kutenganisha uchumi na vita vya kiti katika hadithi hiyo.

Na Korea? Huko wakopaji walikuwa makampuni makubwa ya kifamilia, yale yanayoitwa chaebol, yaliyotengeneza kila kitu kuanzia meli hadi friji. Mwaka 1997 makubwa 30 kati yake yalikuwa na wastani wa madeni zaidi ya mara tano ya mtaji wao. Hanbo, kampuni ya chuma, ilianguka Januari mwaka huo, Kia ikafuata. Benki zilizowakopesha nazo zilikuwa zimekopa nje kwa muda mfupi. Novemba 21 serikali iliomba msaada wa IMF. Desemba, akiba ya dola inayotumika ikiwa chini ya bilioni 4, dola moja ilifikia karibu won 2,000, ilhali katikati ya mwaka ilikuwa chini ya 900.

Mpaka leo Wakorea wengi hawasemi mgogoro wa Asia. Husema IMF, kama jina la msimu wa njaa: aliolewa wakati wa IMF, duka letu lilifungwa wakati wa IMF. Migahawa iliandika vyakula vya bei ya IMF. Februari 1998 sheria ililegezwa ili makampuni yaweze kupunguza watu, na katika nchi ambayo mtu aliajiriwa kijana akastaafu mzee palepale, waliokosa kazi wakavuka asilimia 8 mwanzoni mwa 1999. Baba alivaa suti na tai asubuhi, akabeba mkoba, akaaga. Kisha akapanda mlima ulio karibu na mji, akakaa na wenzake waliovaa suti, akarudi jioni kwa saa ya kawaida. Kwenye benki moja ya ushirika, mume na mke waliofanya kazi pamoja walitakiwa mmoja wao aondoke. Katika wanandoa zaidi ya 700, idadi kubwa mno ya walioandika barua walikuwa wake.

Mshangao mkubwa ulikuwa bado. Mwaka 1999, pete zikiwa zimeshayeyushwa, kampuni ya Daewoo ilianguka na madeni yanayokaribia dola bilioni 80. Mwanzilishi wake, Kim Woo-choong, aliondoka nchini na kukaa nje mpaka 2005. Mwaka 2006 alihukumiwa kifungo cha miaka 10, kikapunguzwa kuwa miaka minane na nusu, na mwishoni mwa 2007 rais akamsamehe. Ukilinganisha, dhahabu yote ya watu milioni 3.5, pamoja na msalaba wa kardinali, haikufika hata sehemu ya thelathini ya deni la kampuni hiyo moja. Serikali ilimwaga zaidi ya won trilioni 160 kuokoa benki na taasisi za fedha. Sehemu imerudi, nyingine ilibaki mgongoni kwa mlipa kodi.

Baadhi ya mambo yalirekebishwa kweli. Bima ya kukosa kazi, ambayo Korea ilikuwa nayo tangu 1995 kwa makampuni yenye wafanyakazi 30 na zaidi, ilipanuliwa mwaka 1998 hadi kwa maduka na karakana ndogo, na tangu Oktoba 2000 sheria inampa maskini haki ya kima cha chini cha maisha. Mei 2000 nchi za Asia Mashariki zilikubaliana huko Chiang Mai kukopeshana dola dhiki inapokuja, ili picha ya mikono iliyokunjwa isipigwe tena. Mwaka 2003 ofisi huru ya tathmini ya IMF yenyewe ilikiri kwamba shirika lilikosea mambo kadhaa, ikiwemo namna benki za Indonesia zilivyofungwa. Lakini Korea pia ilibaki na jeshi la wafanyakazi wa mikataba mifupi, wasio na uhakika wa mwezi ujao, na hao hawakurudishiwa ajira za zamani hata uchumi ulipopona.

Agosti 23, 2001 Korea ililipa sehemu ya mwisho ya mkopo wake wa IMF, miaka mitatu kabla ya muda. Dhahabu iliyouzwa nje wakati wa baridi ile iliuzwa wakati wakia moja ilikuwa chini ya dola 300. Miaka kumi na mitatu baadaye, mwaka 2011, wakia ilivuka dola 1,800. Watoto ambao pete zao zilipelekwa benki walikuwa wanakua, na pete ya don 1 ilikuwa imekuwa ghali mno kumpelekea mtoto wa jirani. Masonara wa Seoul wakaanza kutengeneza pete ya mtoto ya gramu 1.